Joho Linamngoja Mjomba

Kirumba, Mwanza
8 Julai 2024

SHARON NI WAKILI! Kaka Okech, kama umesimama kaa kwanza, kama unakula weka kijiko chini. Sharon wangu, huyu huyu uliyembeba mgongoni siku ya mafuriko, ameapishwa Ijumaa kule Dodoma na joho lake jeusi, na mimi mama yake nilikuwepo, nimekaa safu ya tatu na kilemba cha kijani.

Haya, sasa nimepumua. Shikamoo kaka. Wifi Aoko mzima? Mguu wake unaendeleaje? Sisi huku hatujambo, dagaa wamepanda bei lakini Mungu anatulisha. Ningeweza kupiga simu, ila habari ya namna hii haifai kuishia hewani. Nataka uishike mkononi, uwaonyeshe wazee wenzako wa kanisa. Naituma kwa Mayala, dereva wa basi la Shirati, nimempa sato wawili wa kukaanga ili asiipoteze.

Kaka, laiti ungeona. Majina yaliitwa moja moja. Wakubwa waliongea Kiingereza kirefu, sikulewa hata neno moja, lakini walipotaja "Sharon" nililewa hilo moja likanitosha, nikapiga kigelegele mpaka baba mmoja mwenye tai akageuka. Nikamwambia, "Geuka vizuri baba, uone mama wa wakili." Tangu nirudi, soko zima la samaki hapa Mwaloni wananiita Mama Wakili. Nikitaja bei ya dagaa sasa hawabishi, wanaogopa kushtakiwa.

Sasa jambo lenyewe. Sherehe ni Jumapili tarehe 21 Julai, hapa hapa kwangu. Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo wa kumvalisha joho mbele ya ukoo ni wewe mjomba wake, si mtu mwingine. Mwambie wifi amtengenezee mtoto unga wake mchachu wa mtama, ule wa uji, ndoo nzima. Huyu mtoto amekula vyakula vya hotelini Dodoma lakini bado anauliza, "Mama, uji wa shangazi Aoko utakuja?" Nimemwambia utakuja. Usiniaibishe.

Dada yako,
Adoyo, sasa Mama Wakili


Shirati
29 Julai 2024

Dada Adoyo,

Marahaba. Barua yako ilifika, nimeisoma na kuilewa. Hongera sana. Nilimsomea Aoko mara mbili, akalia kwa furaha. Mguu wake ni ule ule. Mahindi yamevunwa, si mengi.

Nisamehe kwa sherehe. Gari lilipata hitilafu njiani nikashindwa kufika. Simu yangu nayo imeharibika na kwa sasa sitanunua nyingine. Ya Aoko usipige, ameizima.

Mwambie Sharon mjomba wake anamwombea kila asubuhi. Asijali kuhusu mimi.

Ndugu yako,
Okech


Kirumba
12 Agosti 2024

Kaka Okech, shikamoo.

Sisi wazima. Sherehe ilifanyika, watu walikula wakabakiza, kwaya ilikuja bila kualikwa. Lakini joho sikulitoa. Limo ndani ya sanduku langu, limefungwa kwenye kitenge kipya, na kiti chako kilikaa kitupu pale mbele mpaka jioni. Watu wakauliza, "Mjomba yuko wapi?" Nikasema yuko njiani. Niliwaambia hivyo kutwa nzima kaka, mpaka wakaacha kuuliza.

Unaniandikia "hitilafu". Juzi amekuja Modesta, yule mteja wangu wa dagaa wa Magu, akaniinamia sikioni mbele ya beseni: "Mama Wakili, kumbe yule mzee wa kigari cha mizigo, kirikuu, aliyekamatwa amelewa saa kumi na mbili asubuhi ni ndugu yako?" Dagaa zikanimwagika. Nikamwambia, "Modesta, kaka yangu ni mzee wa kanisa la Wasabato, hata soda yenye gesi anaifikiria mara mbili. Miaka thelathini yuko barabarani hajawahi hata kukwaruza kuku." Akasema, "Mimi nasema nilichosikia. Amegonga bodaboda na kirikuu yake iko kituoni." Nikampa dagaa zake bila nyongeza.

Sharon amesikia. Hakulia, huyu mtoto si wa kulia. Alivua viatu, akakaa kwenye kindoo changu cha kukalia, akaanza kuuliza maswali ambayo sina majibu yake. Sasa sikiliza anavyosema wakili, usipuuze kwa kuwa ulimbeba mgongoni. Anasema kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi upesi, hata kama unaona haya, maana wakisikia kwa wengine wanapata sababu ya kukukwepa. Anasema kirikuu isiguswe na fundi yeyote mpaka ikaguliwe, hata taa moja. Usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho. Atakayekuja kukwambia "mzee tumalizane pembeni", mkaribishe maji umuage. Yule wa bodaboda hakikisha amepata ile fomu ya polisi ya matibabu, PF3, bila hiyo bima watasema hawamjui. Na mpe pole, kaka, ila usimwombe msamaha, maana anasema ukiomba msamaha umekubali kosa, na bima hawapendi dereva akubali kosa kabla yao. Mimi nikamwambia Sharon, kwetu pole na nisamehe zinatembea pamoja kama kumbikumbi. Akasema mahakamani zinatembea mbalimbali.

Amekataza kuongelea kesi kwenye simu, kwa hiyo hata hiyo yako ikipona tutaendelea hivi hivi kwa Mayala.

Sasa mimi si wakili, ni dada yako. Nakuuliza swali moja: ulikunywa?

Adoyo


Shirati
2 Septemba 2024

Dada Adoyo,

Marahaba. Tuko salama. Aoko anasalimu. Ng'ombe wa jirani aliingia kwenye mtama, tumelewana naye.

Bima niliwaandikia siku ya pili yake. Ni bima ndogo, unajua, haihusu gari langu, inamhusu yule niliyemgonga. Wamejibu kwamba wanasubiri kesi. Dereva akionekana alikuwa amelewa, wao mikono yao haimo, nimtibu mwenyewe. Kijana anaitwa Masele. Mfupa wa mguu umevunjika, amewekewa vyuma, na bodaboda ndiyo ilikuwa inamlisha mama yake. Fomu ya polisi anayo. Sharon atanikasirikia: nilimwomba msamaha. Alikuwa amelala ndani ya jaruba la mpunga ananiangalia, ningemwambia nini kingine?

Ilikuwa hivi. Jumamosi nilingoja jua lizame ndipo nikaondoka, sikutaka kuvunja Sabato. Nikalala Lamadi kwa jamaa, nikaendelea alfajiri kukiwa na ukungu. Kabla ya kufika Magu yakatokea yaliyotokea. Nilijigonga kichwa kwenye usukani, nikashuka nayumba. Askari wa barabarani alifika. Kile kipimo cha kupuliza hawakuwa nacho. Alisema ananisikia na harufu ya pombe. Alinieleza maneno mengi, akaniuliza kama nimelewa. Nikamjibu, ndiyo afande, nimelewa. Akaandika.

Kanisani nimepumzishwa uzee mpaka kesi iishe. Sikai tena kiti cha mbele. Leseni wataiondoa nikitiwa hatiani, na mimi kazi nyingine siijui.

Sharon asije. Nasema kwa upendo lakini nasema mara moja. Kesi yake ya kwanza isiwe hii.

Okech


Kirumba
9 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo naitoa kwa sababu nilifundishwa, siyo kwa sababu imenijia.

Umeandika kwa mkono wako. "Ndiyo afande, nimelewa." Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma nikiwa nimekaa, haikubadilika. Mimi niliyemnyima Modesta nyongeza! Mimi niliyeapa mbele ya wauza samaki wote kwamba kaka yangu hanywi! Jumapili ya sherehe, saa kumi na mbili asubuhi, mzee wa kanisa! Ndiyo maana humtaki Sharon. Unaogopa mtoto akunuse.

Barua yako nimeificha chini ya godoro, Sharon sijamwonyesha. Nimemwambia mjomba anaendelea vizuri. Ameniangalia kama wakili anavyomwangalia shahidi.

Umenivunja, Okech. Joho litakaa sandukuni. Natumaini umelewa ninachosema.

Adoyo


Shirati
4 Oktoba 2024

Dada,

Marahaba. Barua imefika na nimelewa yote.

Okech


Kirumba
13 Oktoba 2024

KAKA YANGU WEWE HUKUNYWA! Hukunywa hata tone, na mimi dada yako ni mjinga wa kufungiwa zizini!

Shikamoo. Shikamoo tena ya pili kwa sababu ile ya mwezi uliopita ilikuwa mbovu. Wifi Aoko hajambo? Mwambie nimemtafutia dawa ya mguu kwa mama mmoja hapa Mabatini. Sasa ngoja nikueleze, na ukicheka cheka, ila ulie kidogo pia kwa ajili yangu.

Ile barua yako fupi ilinikuta nakaanga samaki. Nikaisoma, hasira ikanipanda tena, nikapiga kelele, "Aibu gani hii! Mpaka anaandika barua akiwa amelewa!" Sharon alikuwa ndani anapiga pasi suti yake. Akatoka: "Nani amelewa, mama?" Nikaona sasa yamekwisha, nikamtupia barua zako zote. "Soma mwenyewe. Hii ya leo anasema amelewa. Na hii hapa alimwambia askari amelewa."

Akazisoma moja moja. Akaniangalia. Akasema, "Mama, chukua kalamu. Andika: nimeelewa." Nikaandika. Akatazama nilichoandika. "Sasa andika: nimelewa pombe." Nikaandika. Kaka, nimeandika neno lile lile! N-i-m-e-l-e-w-a, huku na huku! Sharon akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, anacheka, machozi yanamtoka, samaki wangu wanaungua. "Mama, kuelewa ni e mbili. E, e. Ni-me-e-le-wa. Ninyi tangu nizaliwe mnasema mmelewa. Mjomba anakwambia, mtoto wangu umelewa? Nami nalewa!"

Ni kweli. Mwalimu wetu wa darasa la pili alitamka vile, baba alitamka vile, sisi tukarithi. Nani angetuambia? Kwetu nani aliwahi kukamatwa kwa kulewa mpaka tofauti ionekane?

Basi Sharon akajifuta macho, na pale pale akawa wakili. Anauliza hivi, ujibu kwa ukweli: askari alikuuliza neno gani hasa? Alikuuliza umekunywa, au alikupa maelekezo kisha akauliza kama umeelewa? Yeye anaona ni hilo la pili, maana askari akishamaliza maelekezo ndivyo anavyofunga: umeelewa mzee?

Ila kuna pengo bado, na hilo nimeliona mimi, Mama Wakili, si Sharon. Harufu. Askari hakuitunga. Na kwenye barua yako umeruka kama mtu anayeruka dimbwi: "Kabla ya kufika Magu yakatokea yaliyotokea." Yapi yaliyotokea? Ulikuwa umebeba nini? Sharon anasema wakili hawezi kumtetea mtu anayemficha wakili wake.

Na ndiyo, nimesema wakili wake. Atakuja. Nimefanya kosa moja la kukudhania mlevi, silifanyi la pili la kukuachia ukaidi.

Adoyo


Shirati
28 Oktoba 2024

Dada Adoyo,

Marahaba, na ile ya pili pia nimeipokea. Nilicheka. Kisha nililia kidogo, kama ulivyoagiza. Aoko anasema tangu tuoane amekuwa akidhani mimi ndivyo ninavyotania.

Askari alisema gari litabaki kituoni, nipeleke leseni, nisiondoke bila ruhusa. Akamaliza na neno hilo. Mimi nikajibu. Sikujua ameandika nini mpaka nilipokisikia kikisomwa mahakamani, na pale niliona haya kubisha maana neno nililisema kweli.

Sasa hilo lingine. Sikutaka kuliandika kwa sababu litakuumiza wewe, na litamuumiza mtoto zaidi. Nilikuwa na ndoo ya unga mchachu. Ile uliyoagiza. Aoko alisaga mtama, akauloweka siku tatu, na kwa joto la gari ukaumuka. Niliiweka kiti cha pembeni, nikaifunga mkanda kama abiria, sikuiamini nyuma kwenye mashimo. Kwenye ule ukungu kifuniko kikaanza kupanda. Nikageuza kichwa kukikandamiza. Nilipoinua macho, Masele alikuwa mbele yangu anaingia barabarani kutoka njia ya mashamba. Nikakata kona, sikuwahi. Ndoo yote ikanimwagikia kifuani. Ndiyo harufu.

Kwa hiyo unaona. Nikisema uji, watasema basi ni kweli hukuangalia mbele. Na Sharon atabeba moyoni kwamba uji wake ndio uliovunja mguu wa mtu. Heri niitwe mlevi.

Okech

Nimeiacha barua hii siku mbili mezani. Nimeongea na Aoko. Anasema Masele naye ni mtoto wa mtu, na bima wakikataa atabaki na mguu wake kwa sababu mimi naona haya ya uji. Mwambie Sharon aje. Nitasema lile nililotenda, na lile ambalo sikulitenda nitalikataa.


Kirumba
9 Desemba 2024

Kaka Okech, mzee wa kanisa, dereva mwenye leseni mfukoni, shikamoo!

Najua ulikuwepo. Najua wewe ndiye uliyesimama pale. Lakini ulikuwa mbele, umempa mgongo ulimwengu, mimi nilikuwa nyuma nikaona yote. Na wifi Aoko hakuweza kuja kwa ajili ya mguu. Kwa hiyo barua hii si yako, ni yake. Wewe ni msomaji tu. Msomee kwa sauti, na pale nitakapocheka ucheke. Siku ya ushahidi Sharon alinikataza kuandika wala kutangaza mpaka hukumu itoke. Wiki tatu nimefunga mdomo Mwaloni! Watu walidhani naumwa.

Wifi, Sharon aliingia na suti nyeusi. Mahakama ile hawavai joho, joho ni la Mahakama Kuu, na ni vizuri maana joho bado liko sandukuni kwangu, linamngoja mwenyewe. Mtoto mwembamba kama fimbo ya mchungaji, na faili kubwa kuliko kifua. Mwendesha mashtaka akamtazama kama anayetazama mtoto aliyepotea njia ya shule. Nikamwambia jirani yangu kwenye benchi, "Mtazame vizuri, huyo ametoka tumboni humu."

Askari akatoa ushahidi. Mzee anayumba, mzee ananuka pombe ya kienyeji, mzee amekiri mwenyewe. Sharon akasimama, akaongea polepole, na adabu: "Afande, pole na kazi. Kabla mshtakiwa hajasema neno hilo, wewe ulimwambia nini?"

"Nilimweleza gari litabaki kituoni, alete leseni, asiondoke."

"Ukamalizia kwa kumuuliza nini?"

"Nikamuuliza, umeelewa mzee?"

"Naye akajibu?"

"Akajibu amelewa."

Wifi, hapo benchi zima likaanza kunong'ona. Sharon hakugeuka. "Na ulimuuliza, hata mara moja, kama amekunywa pombe?"

Askari akasema, tena nampa heshima yake, hakudanganya: "Sikumuuliza. Niliona ameshakiri."

Ndipo hakimu, mama mmoja mwenye miwani, mtulivu kweli kweli, akamgeukia kaka kama sheria inavyotaka: "Mshtakiwa, umeelewa ushahidi wa shahidi huyu?"

Mume wako akanyooka kama askari wa gwaride. "Nimelewa, mheshimiwa. Nimelewa vizuri kabisa."

Jamani! Mahakama ilipasuka. Karani aliangusha kalamu. Yule afande alitazama viatu vyake, mabega yanamtikisika. Mwendesha mashtaka aliinamia karatasi zake kama anazihesabu. Kaka peke yake ndiye hakujua kinachochekwa, alisimama pale na uso wa ibada. Nami uzalendo ukanishinda, nikasimama huko nyuma: "Kwetu sote tunalewa hivyo hivyo, mheshimiwa!" Askari wa mlangoni akanijia: "Mama, ukiongea tena utatoka nje. Umeelewa?" Nikamwambia, "Nimelewa, baba."

Hakimu mwenyewe alivua miwani akaifuta. Aliifuta muda mrefu.

Kisha kaka akasimama kujitetea, na hapo kicheko kikaisha. Alisema yote. Ndoo, mkanda, kifuniko, kichwa alichogeuza. Sharon alikuwa anajua tangu barua ya kaka ifike, nilimsomea mimi mwenyewe, na siku ile alitoka akaenda kusimama ziwani kwenye mawe peke yake. Aliporudi alisema tu, "Mama, mjomba akisema hili, shtaka la ulevi linaanguka na la kutokuwa makini linasimama. Nitamwambia hivyo, achague." Na kaka alichagua, wifi. Mwanasheria hakumlazimisha, wala mimi.

Masele aliitwa na upande wetu, akaja na magongo. Hakimu akamuuliza kuhusu harufu. Akasema, "Mheshimiwa, ile kitu ilinimwagikia hata mimi aliponibeba. Iliniingia mdomoni. Ni unga mchachu wa mtama, hata mama yangu anautengeneza, ila huu ulikuwa mzuri zaidi." Umesikia, wifi? Imeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama kwamba unga wako ni mzuri zaidi. Hakuna mwanamke mwingine Shirati nzima mwenye hati hiyo. Akaongeza, "Halafu huyu mzee alinishika mkono akaniombea sala ndefu mpaka gari la wagonjwa likafika. Mlevi hawezi kukumbuka manabii wengi namna ile."

Hukumu ilikuwa Alhamisi. Nyie mliisikia, lakini acha niiandike, maana nikiiandika naisikia tena. Shtaka la kuendesha akiwa amelewa: halikuthibitishwa, limefutwa. Shtaka la kutokuwa makini barabarani: ana hatia, kwa maneno yake mwenyewe. Faini na onyo, leseni abaki nayo. Na hakimu akasema, haya niliyashika vizuri, "Mahakama inatambua kwamba mshtakiwa angeweza kunyamaza kuhusu ndoo, hakunyamaza." Kaka, nimeolewa, nimezaa, nimeona mwanangu akiapishwa, lakini sijawahi kunyoosha shingo kama siku ile. Faini yako ndiyo faini pekee duniani ninayojivunia. Nimewatangazia Mwaloni: "Kaka yangu amepigwa faini kwa ukweli!" Modesta akabubujika pole na hongera pamoja. Nimempa nyongeza ya dagaa, zile za Agosti na za sasa.

Na la Masele: Sharon amepeleka nakala ya hukumu kwenye kampuni ya bima. Dereva hakuwa amelewa, dereva amekubali kosa, kwa hiyo hawana pa kujificha. Wamejibu kwa maandishi watalipia matibabu na fidia ya mguu wake. Sharon anasema bado atawafuata mpaka mwisho, maana kuahidi ni ulimi. Kuhusu kirikuu yako yenyewe, bima ndogo ni ndogo, hilo utatengeneza mwenyewe, na safari ijayo kata bima kubwa, usibishane na wakili.

Lile la msamaha pia nilimkumbusha. Nikamwambia, "Unaona? Mjomba wako aliomba msamaha na kweli alikuwa amekosa." Akasema, "Basi mama, wateja wengine nitawaambia wampe mtu pole. Mjomba mwache."

Mzee wa kanisa lenu ameniletea salamu kwa Mayala kwamba kiti cha mbele kimefutwa vumbi. Nimefurahi, ila kiti changu mimi kimekungoja tangu Julai na hakijawahi kupata vumbi.

Sasa sikiliza. Usiniletee tena safari ya alfajiri kwenye ukungu baada ya kungoja jua lizame. Pandeni basi la Mayala Alhamisi tarehe 19, wewe na wifi, mguu wake utawekwa kiti cha mbele, nimeshaongea naye. Sabato tutaisali pamoja hapa Kirumba. Unga mchachu uje, kaka, usinipinge, Sharon mwenyewe ameomba, anasema akiukwepa ndio utakuwa umemshinda. Ila ndoo ikae miguuni pa wifi na kifuniko kifungwe kamba. Masele na mama yake wamealikwa, wamekubali. Nataka wanywe uliopikwa sasa. Ukoo wote wa Rorya uje, wa Musoma uje, hata yule afande Sharon amempelekea kadi, na akija atakaa karibu yako mjifunze kutamka. Joho nimelitoa sandukuni leo kulipiga jua, limetulia kwenye kamba kama linakusikiliza unakuja.

Nimeandika barua hii Sharon amesimama nyuma yangu na kidole, kwa hiyo hili neno linalofuata ni sahihi: umeelewa?

Sherehe ya joho ni Jumapili, tarehe 22 Desemba.

Dada yako,
Adoyo, Mama Wakili